Cheo Changu cha Ng'ambo

Jumatatu, 12 Januari

Siku tamu kuliko zote! Maombi yangu ya ruzuku ya serikali ya shirikisho yako tayari. Miaka minne ya kuwinda kuvu anayeozesha viazisukari vya North Dakota! Mwisho wa kutuma ni Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Nikikosa, mkuu wa kitivo ameshasema maabara yangu anampa Beverly Stroud, jirani yangu wa maabara anayechunguza mbawakawa. Leo kaja na futi kupima ukuta wangu. Nimemwambia apime na tamaa yake.

Jumanne, 13 Januari

Mafunzo ya usalama wa utafiti, yaani kulinda utafiti wetu usiibwe na nchi za nje; ni ya lazima kwa mwombaji ruzuku. Video nne! Nani ana muda? Nimeziwasha, nikatoka kuondoa theluji kwenye gari. Kurudi, nakuta maswali. Nimechagua jibu la tatu kila mahali. Nimefaulu! Kisha fomu: je, una cheo chochote katika taasisi ya nchi za nje? Nikajibu hapana, nikatia saini. Nimejizawadia donati mbili.

Jumatano, 14 Januari

Balaa! Bi. Pacheco wa ofisi ya ruzuku kaniita. Kwa upole, ule upole wa daktari wa meno, kauliza mbona tovuti yangu inaniita Profesa Mgeni Mashuhuri wa chuo kimoja cha ng'ambo. Jasho! Ukweli ni kwamba niliwahutubia mara moja, dakika arobaini, kwa mtandao, nikiwa na suruali ya kulalia. Cheo nilijipa mwenyewe. Kilipendeza chini ya picha. Nimemwambia nitaangalia.

Alhamisi, 15 Januari

Mpango kabambe! Nimekifuta cheo kabla ya kifungua kinywa. Hakuna cheo, hakuna swali! Saa nne Bi. Pacheco kapiga simu: Profesa Haugland, jana kilikuwepo, leo hakipo, sasa unaficha. Na Beverly, nyoka yule, alikuwa amebandika nakala ya ukurasa ule kwenye friji ya wafanyakazi tangu mwaka juzi, watu wacheke! Kampelekea Bi. Pacheco. Kisha kapita mlangoni kwangu kuuliza Mheshimiwa Mgeni Mashuhuri atakunywa chai au kahawa.

Bi. Pacheco anasema ama nitangaze cheo na kuleta mkataba wake, ama nikiri hakikuwepo. Mkataba naupata wapi? Nikawaza wale wa ng'ambo wanitungie mmoja, wenye tarehe ya zamani. Bi. Pacheco hakungoja nifungue mdomo. Kasema kughushi mkataba ni uhalifu.

Ijumaa, 16 Januari

Nimekiri. Kwa maandishi, mbele ya mkuu wa kitivo: cheo hicho nilikibuni mwenyewe kwa kupenda sifa. Mkuu kakohoa ili asicheke. Aibu mpaka masikioni! Halafu video zote nne upya, kwa sababu kompyuta inajua nilijibu maswali yote kwa dakika moja. Bi. Pacheco alikaa pembeni akifuma soksi.

Maombi yameondoka saa kumi na dakika hamsini na mbili! Maabara bado ni yangu, angalau mpaka majibu yatoke!

Jumamosi, 17 Januari

Nimeamka mtu mpya. Somo limeingia: vyeo vya ng'ambo vina matata. Kwa hiyo nimechukua cha hapahapa nyumbani. Chini ya picha yangu sasa kuna maneno haya: Mshauri wa Taifa wa Usalama wa Utafiti. Si nimesoma video nne, tena mara mbili? Kinapendeza kuliko kile cha kwanza! Bi. Pacheco ameshanipigia simu mara tatu asubuhi hii, na leo ni Jumamosi. Bila shaka anataka kunipongeza.