Mteja wa Ghorofa ya Nne

Jumatatu, 1 Septemba
Mama ameshatangazia soko zima kwamba mimi ni kiongozi wa timu. Bado! Ila leo Mkuu Liao ametamka: atakayeharakisha majaribio ya programu yetu ya kuagiza chakula cha mchana, bila kufuta hata moja, cheo ni chake. Sasa yanachukua dakika arobaini. Kila jaribio linajenga hifadhidata yake, linaweka wateja watatu wa uongo, linapima, linabomoa. Nani hujenga nyumba ili anywe kikombe cha chai? Dada Yi-ching anataka yote yatumie hifadhidata moja, na kila jaribio likimaliza lirudishe vitu kama lilivyovikuta. Anasema kazi hiyo itamchukua wiki. Maskini wa watu.

Jumanne, 2 Septemba
Nimepata! Hifadhidata moja, wateja watatu walewale kwa majaribio yote, na hakuna kusafisha. Dakika nne! Yote yamepita. Yi-ching kauliza, "A-Han, umefagia au umesukumia uvunguni?" Nikamjibu majungu si mtaji. Kwa furaha nimekula ile pakiti ya kijani ya vitafunio ambayo mafundi wa huku huiweka juu ya seva ili mashine itulie; lazima kijani, eti njano huita hitilafu. Dukani za kijani zimekwisha, nimeweka ya njano. Mashine haina macho.

Jumatano, 3 Septemba
Jaribio moja limegoma. Wateja wawe watatu, wako wanne. Wa nne ni Bi Chiu A-chu, anwani jengo letu, ghorofa ya nne. Jengo letu halina ghorofa ya nne! Lifti hutoka tatu ikaingia tano, kama kwa watu wote wenye akili, maana kwa lugha yetu "nne" hutamkika kama "kifo". Nimelitafuta jina hilo kila mahali, hakuna aliyeliandika. Nikamfuta. Nikaendesha tena. Karudi, safari hii na oda: wali mmoja, uwe wa moto. Na tuko mwezi wa saba wa kalenda ya wazee, wafu wamefunguliwa milango. Naogopa, lakini sijamwambia mtu.

Alhamisi, 4 Septemba
Dawa imepatikana! Nimeliambia jaribio likubali wateja wanne. Likapita. Baada ya chai wakawa watano, wa tano naye ni Bi Chiu yuleyule. Basi nimeyafundisha majaribio yote yakubali idadi yoyote, mtu yeyote, popote anapokaa. Sijafuta hata moja! Mkuu Liao kanipigapiga bega, kasema kesho toleo jipya liende kwa wateja wa kweli. Nilitaka kufurahi. Lakini chini ya oda ya Bi Chiu pameongezeka maneno: Bado nangoja. Nikazima skrini.

Ijumaa, 5 Septemba
Toleo limetoka asubuhi. Mchana, sadaka ya ofisi kwa wafu wa mwezi huu: meza mlangoni, matunda, biskuti, udi, Mkuu Liao mbele, sisi nyuma tumeinamisha vichwa. Mara kaingia Mama Fang, mpeleka chakula, analalama. "Nyie, huko ghorofa ya nne giza totoro, wekeni taa basi! Yule bibi kapokea wali, mikono baridi hiyo, lo! Ila ana adabu zake. Kamuulizia A-Han." Udi ukazimika wote kwa pamoja. Yi-ching akafungua majaribio yangu mbele ya watu: yanakubali chochote, hata maiti. Kisha akaendesha ya kwake, kumbe keshamaliza. Dakika tano, hakuna lililopungua, kila moja linaacha pasafi. Anwani ya Bi Chiu yakaikataa papo hapo. Kiongozi ni yeye. Aibu imenitafuna hadi mfupa. Nimekatazwa kugusa majaribio.

Jumatatu, 8 Septemba
Mama kapiga simu. Anataka kuja kuona meza ya kiongozi. Nilikuwa nimefungua mdomo niseme kweli, wallahi tena! Hapohapo oda ikaingia kwenye mashine yangu. Bi Chiu: wali wa watu wawili. Na ujumbe: Njoo, huku nafasi zipo. Nimefikiri kidogo. Kumbe bahati ndiyo hii! Nimemwambia Mama wamenipandisha zaidi, mimi sasa ni mkuu wa ghorofa ya nne nzima. Kalia kwa furaha. Anakuja kesho mchana, na mimi nitakuwa kikaoni. Nimemwelekeza aingie tu kwenye lifti, Bi Chiu atampokea.