Sinyatire ya Shefu Sebagabo

Inatangazwa kwa raia wote wa kilima chetu, wakulima na wachungaji, ya kuwa tatizo kubwa la nchi limepatikana. Si barabara. Si usalama. Ni mwandiko mbaya wa watoto wakati wa vakansi.

Mimi Munyakazi, Sekretari wa biro, yaani ofisi ya Shefu, njo niliandika tangazo hilo, na sijutii. Kila mwezi wa saba shule zinafungwa, watoto wanakimbilia ng'ombe na maharagwe, halafu mwezi wa tisa wanarudi na herufi zilizolala kama walevi. Shefu wetu, Papa Sebagabo, akaunda Komisyo ya Kuzoeza Mikono ya Watoto.

Komisyo ikakaa kuchagua kitu cha kunakili. Katekista alitaka Zaburi. Mwalimu Noëlla alitaka alfabeti, mawazo ya watu wasioona mbali. Shefu akatutazama kwa huruma.

"Hapa Masisi, mwandiko gani njo muzuri kupita yote?"

Tukatazama mlango. Tulikuwa tunangoja soda.

"Njo sinyatire yangu," akasema.

Tukapiga makofi. Na kweli, sinyatire ile, sahihi ya mkono wake, ni ya ajabu: S yenye tumbo, milima mitatu, kisha mkia mrefu unaotaka kutoka nje ya karatasi. Bila hiyo hakuna mzigo unaopita bariere, kizuizi cha njiani kilicho chini ya biro. Kila mtu, kila safari, jeton mpya, kikaratasi cha ruhusa chenye sinyatire ya Shefu, bila ubaguzi. Amri ni yake mwenyewe.

Sasa kuna mama mmoja, Emérita, muuza maziwa, aliyetusumbua vibaya. Kila asubuhi yuko mlangoni petu na bidon yake ya maziwa.

"Papa Sekretari, nisaidie jeton nifike ku soko ya Mweso. Maziwa inaharibika! Kama siuzishe, Murekatete wangu hatarudia ku masomo."

"Mama, Shefu iko ku semina, Walikale."

"Semina ya nini?"

"Ya kusogeza utawala karibu na raia."

Alinitazama, akamwaga maziwa yaliyochacha mbele ya biro. Watu wetu hawana shukrani hata kidogo.

Kampeni ikaanza. Karatasi hatukuwa nazo, basi nikatoa jeton tupu, maboksi kwa maboksi. Fikra hiyo ni yangu, naomba ijulikane. Kila asubuhi Mwalimu Noëlla aliwakalisha watoto, nao wakanakili sinyatire ya Shefu mpaka kalamu za bic zikakauka. Jioni walienda na jeton hizo nyumbani kuonyesha wazazi. Murekatete, binti wa yule Emérita, aliwapita wote. Mkia wa sinyatire yake ulikuwa laini; ungeuona, ungelia.

Matunda yakaonekana haraka. Mama Emérita hakuja tena kutusumbua. Maharagwe, makala ya kupikia, mbuzi, vyote vilipita bariere kwa utaratibu, kila mzigo na jeton yake safi. Nikampigia Shefu simu: hata usipokuwepo, utawala unasonga. Alifurahi, akaongeza semina nyingine.

Siku aliporudi, jeep yake ilikuwa imekwama njiani. Alifika juu ya pikipiki ya kukodi, tope la potopoto mpaka kwenye nyusi. Bariere ilikuwa na mlinzi mpya, Callixte, kijana mwenye kufuata sheria. Nilisikia kelele, nikashuka mbio.

"Jeton, Papa."

"Wee! Mimi njo Shefu!"

"Kila muntu anasema ivyo. Jeton."

Shefu akatoa jeton mfukoni, akaisaini juu ya goti, haraka na kwa hasira. Callixte akaiweka kando ya zile za asubuhi, akacheka.

"Hii ni bubeshi, ya uongo, Papa. Sinyatire ya Shefu tunaijua. Mukia iko wapi?"

"Munyakazi! Muambie!"

Mimi ni mtu wa sheria. Nikaangalia hii, nikaangalia zile.

"Samahani, Papa. Haifanane."

Hapo Mama Emérita na Murekatete wakatokea upande wa Mweso. Bidon tupu kichwani, na kitambaa kipya cha buluu cha sketi ya shule mkononi. Murekatete akachomoa bic, apate kumsaidia yule papa.

"Acha," mama yake akasema. Akamwonyesha Shefu jiwe la kando ya njia. "Papa, ikala pale. Ungojee Shefu atoke ku semina."

Shefu akaketi. Nami nikapanda biro kumngoja.