Ekzosi Mpya na Mgongo Wangu Mgonjwa

Jamani, leo nimeaibika. Sio kidogo. Nimeaibika mbele ya watu thelathini na wawili, ng'ombe mmoja na mama mkwe. (Ng'ombe angalau alikimbia.)

Wacha niwaeleze mimi mwenyewe kabla hamjasikia kutoka kwa wengine. Najua kufikia kesho soko lote la Machakos litakuwa na hii habari, na wataongeza chumvi. Haihitaji chumvi.

Mimi ni Kioko, yule fundi wa simu wa karibu na stendi. Niko na piki piki ndogo, ya cc mia moja ishirini na tano, niliyoinunua ikiwa tayari imechoka. Injini ni nzima. Shida ni bomba la moshi, ile ekzosi. Imechomelewa mara nyingi mpaka haijulikani ilikuwa rangi gani, na inalia kama cherehani. Nikipita, watoto wanaita, "Fundi wa nguo! Fundi wa nguo!" Mimi ni fundi wa simu! Hiyo kitu iliniuma sana.

Sasa, Jumamosi ijayo napeleka ntheo kwa kina Mwende. Kama wewe si wa Ukambani, ntheo ni wale mbuzi watatu mwanaume anapeleka kwao msichana. Bila hao mbuzi huna mke, uko na rafiki tu. Mwende nampenda, sitaki kuficha, na tumengoja miaka miwili ndio baba yake akubali. Baba yake anaitwa Mzee Nzioka, na maneno yake ni machache. Siku aliyokubali aliniambia, "Mimi sitafuti tajiri. Natafuta mtu wa kazi, asiye na uongo."

Nikajibu, "Mimi huyu hapa, Mzee."

(Shikilieni hayo maneno. Mimi niliyaachilia.)

Nikajiambia, siwezi kuingia kwa wakwe siku ya ntheo nikilia kama cherehani. Lazima ekzosi mpya. Kavoi, fundi wangu wa piki piki kule Kyumbi, akanipigia: "Kioko, zimeingia tatu. Njoo Jumamosi asubuhi. Ukichelewa utapata boksi."

Lakini Jumamosi hiyo hiyo, yaani leo, kulikuwa na mwethya kwa Mzee Nzioka. Mwethya ni kikundi cha kusaidiana: leo tunalima kwako, kesho kwangu. Mvua iko karibu, na kazi ilikuwa kuchimba fanya juu, ile mitaro ya kukata kilima, udongo unautupa upande wa juu. Mkwe mtarajiwa kukosa mwethya kwa wakwe wiki moja kabla ya ntheo! Huwezi. Labda uwe mgonjwa.

Eh. Labda uwe mgonjwa.

"Ni mgongo," nikamwambia Mwende kwa simu jana jioni, na sauti ya mtu anayeaga dunia. "Siwezi hata kufunga kamba za viatu."

"Woi, pole! Wacha nitawaambia. Usijali, nitakutetea."

Akanitetea kweli kweli. Leo saa kumi na mbili asubuhi boda akanigongea mlango na chupa: mafuta ya kuchua ya mama yake, yale anachemsha mwenyewe na majani ya mkaratusi, yananuka mpaka kwa jirani. Ujumbe: nipake, nilale kifudifudi, nisiinue kitu. Nikaitia chupa mfukoni, nikawasha cherehani, nikaenda Kyumbi.

Kavoi alikuwa amezipanga juu ya gunia, tatu, zinang'aa.

"Hii fupi ni ya mwalimu," akasema. "Inasalimia, inapita. Hii ya katikati ni ya pasta, iko na heshima. Hii sasa..." Akaipangusa na shati yake. Ilikuwa nene, rangi ya fedha, mdomo umechomwa ukawa wa bluu. "Hii ni ya mwanaume ameamua."

"Inalia aje?"

"Hailii. Inatangaza."

Jamani, mngekuwa mimi mngefanya nini? Akaifunga, akawasha. Wueh! Mama wa mahindi choma akashika kifua. Mbwa aliyekuwa amelala chini ya lori akahama mtaa. Nilisikia raha mpaka macho yakalowa.

Kavoi akanipa kidude kama kikombe kimetoboka chini. "Hiki ni kizibo. Ukiona polisi, kitie mdomoni mwa ekzosi, ukaze na hii skrubu. Sauti inapungua. Lakini bila skrubu usijaribu. Umeskia?"

"Nimeskia." Kizibo nikatia mfukoni. Skrubu nikaiacha juu ya gunia.

Nikashika barabara ya kurudi mjini. Kila mtu anageuka! Nilikuwa nimevaa jaketi yangu ya kazi, ya kijani ya kung'aa, mgongoni imeandikwa KIOKO FUNDI WA SIMU kwa herufi kubwa kama mkate. Nikasema vizuri, wacha wasikie na wasome.

Halafu kule mbele nikaona polisi wanasimamisha magari. Na huo mlio? Wangeniweka ndani mimi na ekzosi. Nikakata haraka, nikaingia njia ya murram, ile ya udongo mwekundu, inayopita vilimani. Nikapanda, nikapinda kona ya kwanza, ya pili, nikiimba ndani ya helmeti. Kona ya tatu nikakanyaga breki.

Hiyo njia naijua. Inateremka kando ya shamba la Mzee Nzioka, inavuka mto, halafu inapanda upande wa pili ikiangaliana na shamba lote.

Nyuma polisi, mbele wakwe. Nikazima injini, nikafikiria. Kizibo! Nikakitoa, nikakisukuma. Hakiingii. Ekzosi ni moto, nikaungua vidole viwili. Hapo ndipo nikakumbuka chupa ya mama mkwe. (Ndio. Nilifanya hivyo. Endeleeni kusoma.) Nikakipaka kizibo mafuta kila mahali, nikagonga na jiwe, kikateleza mpaka ndani. Skrubu haikuwepo, lakini nikaona kimekaa vizuri tu.

Hata hivyo sikuthubutu kuwasha. Mpango ulikuwa huu: nateremka injini ikiwa imezimwa, kimya kabisa, navuka mto na ile mbio, napanda upande wa pili, napotea. Nikashusha kioo cha helmeti nisijulikane. Nikaachilia breki.

Nikapita shamba kama upepo. Nilisikia majembe na watu wakiimba, hakuna aliyeniita. Nikaanza kucheka. Nikafika mtoni.

Mto wetu, kama mnavyojua, msimu huu ni mchanga. Gurudumu la mbele likazama, piki piki ikasimama pap. Ikabidi nishuke, nisukume. Nikaitoa kwa mchanga, nikaanza kupanda nayo kilima, nimeinama, bega kwa usukani, nasukuma na nguvu zote za mwili wangu. Huko nyuma nikasikia nyimbo zimenyamaza. Majembe pia.

Simu ikalia. Mzee Nzioka.

Usiposhika simu ya mkwe, hiyo ni kesi. Nikaichomeka ndani ya helmeti.

"Kijana, mgongo unaendeleaje?"

Nikalegeza sauti. "Bado, Mzee. Nimelala tu hapa."

"Umelala."

"Ndio, Mzee. Hata kugeuka siwezi."

"Jaribu."

"Nini, Mzee?"

"Jaribu kugeuka."

Nikageuka.

Watu thelathini na wawili. Wamejipanga kwa mitaro, mstari juu ya mstari mpaka juu kilimani, kila mtu ameegemea jembe lake, wananiangalia kama watu wako uwanjani. Na mimi nimewapa mgongo muda huo wote, mgongo wenye jina langu! Juu kabisa Mzee, simu sikioni. Kando yake Mwende, mikono kichwani.

Mtu mwenye akili angerudi kuomba msamaha. Mimi nilipiga kiki ya kuwasha piki piki. Nilitaka kutoroka! Injini ikashika, nikakanyaga gia, na PAAA! Kizibo kikachomoka, kikaruka mto mzima, kikatua kwa mtaro wa kwanza. Watu wakalala chini. Ng'ombe wa Mzee akakata kamba akaenda zake. Mimi nikashtuka, nikaachilia klachi vibaya, injini ikazima. Moshi mweupe ukaanza kupanda polepole ukielekea shambani.

Halafu nikasikia sauti ya Susu Kalondu, nyanya mkubwa wa kikundi. Nimekuja kuambiwa baadaye kwamba asubuhi, kabla jembe la kwanza halijainuliwa, Susu aliombea mgongo wangu dakika kumi nzima, watu wamevua kofia. Sasa alikuwa ameinua mikono yote miwili.

"Ameinuka! Kioko ameinuka! Anasukuma piki piki! Mungu ni mwema!"

"Kila wakati!" wakaitikia wachache, hawana hakika.

Hapo nikaona mlango. Sijivunii. Nikavua helmeti, nikainua mkono na sauti ya mtu wa ushuhuda: "Na kila wakati!"

"Mungu ni mwema!" Sasa wakaitikia wengi. Mama mmoja akapiga vigelegele. Nikavuka mto nikirudi kwao nimenyoosha kifua, mtu aliyeponywa, na kwa dakika mbili hivi nilidhani nimepona kweli.

Halafu moshi ukamfikia mama mkwe.

Mniruhusu nieleze: kwetu mama mkwe na mkwe hawasemezani uso kwa uso. Ni heshima. Akiwa na neno, anamtuma mtu. Nilimwona amesimama kwa mtaro wa nne, amenigeuzia mgongo vile inavyotakiwa, ananusa. Akanusa tena.

"Mwende," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka Kyumbi. "Muulize huyo mtu, dawa yangu alipaka mgongo wa nani?"

Mwende akateremka mitaro yote mpaka akasimama mbele yangu. "Mama anauliza..."

"Nimesikia."

"Basi jibu."

Nikaangalia chini. "Mwambie mama nilipaka ekzosi."

Mwende akageuka. "Mama, anasema alipaka ekzosi."

Aiya! Kicheko kilichotoka hapo! Watu walitupa majembe. Mwanaume mzima alikaa kwa mtaro akilia machozi. Susu Kalondu alishusha mikono polepole, akauliza jirani yake kama maombi yanaweza kurudishwa.

Ambaye hakucheka ni Mwende. "Nilisimama mbele ya hawa watu wote asubuhi," akaniambia chini chini. "Nikasema, Kioko hawezi kudanganya, mimi namjua." Hapo sina utani wowote, jamani. Niliumia, na nilistahili. Nikamwomba msamaha palepale, nikawaomba wote, na Susu nikamwomba mara mbili.

Mzee Nzioka akafika. Mkono mmoja ameshika kizibo, amekizungushia jani la mgomba kwa sababu bado ni moto. Mkono wa pili jembe.

"Umeangusha hiki," akasema. Akanipa vyote viwili.

Nilichimba tangu saa tano mpaka saa kumi na moja jioni. Mtaro mzima, peke yangu, na vidole viwili vimeungua. Kila nikipumzika mtu anauliza kwa huruma, "Mgongo?" Wakati wa uji Mwende alinipita na kikombe kana kwamba mimi ni kisiki. Mara ya pili akasimama, akanimiminia. Kikaishia nusu.

"Nusu ingine ni Jumamosi," akasema, akaenda. Niliunywa ule uji kama mtu amefutiwa kesi.

Lakini mwenye neno ni Mzee. Jioni akaja kukagua, akatembea mtaro wote, akapima kina na mpini wa jembe. Nilikuwa naogopa kuliko wakati wa polisi. Nikauliza, "Mzee, Jumamosi... bado nije?"

Akapima tena kina, pale pale, mpaka nikaanza kuona mbuzi watatu wakirudi kwa mwenyewe.

"Njoo," akasema. "Mtaro ni mzuri."

"Asante, Mzee! Asante sana!"

"Lakini hiyo piki piki inabaki hapa, nimeifungia kwa stoo. Ng'ombe wangu ameogopa. Wazee wenu wapande gari." Akanitazama kutoka viatu mpaka kichwani. "Wewe na mbuzi mtakuja kwa miguu."

Kutoka kwetu mpaka kwao ni kilomita kumi na nne, nusu yake mlima. Sasa hivi nimelala kifudifudi, naandika na kidole kimoja, na safari hii mgongo unauma kweli, na mafuta yaliisha kwa ekzosi.

Kwa hivyo Jumamosi mkimkuta mtu barabarani na mbuzi watatu, amevaa suti, piteni tu polepole. Tafadhali, msipige honi.