Kisanduku cha Rivolva Kirudi na Msindikizaji Wake

Xiaobei,
Guangzhou.

Kwa Mheshimiwa Baba Mkwe, Mzee Abdulsalam,
Tanga.

YAH: KUTOWEKA KWA KISANDUKU CHANGU CHA RIVOLVA PAMOJA NA BINTI YAKO MWANAHIJA

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na ile suruali niliyokuletea Idd iliyopita umeshaipeleka kwa fundi. Mimi sijambo, isipokuwa kwa haya yafuatayo, ambayo nimeyapanga kwa namba usije ukadhani naandika kwa hasira.

1. Mwezi uliopita mke wangu Mwanahija alifunga mizigo akaja kwako, na siku hiyohiyo kisanduku changu kikatoweka. Sisemi ameiba. Nasema vimeondoka pamoja. Ni kisanduku cha mbao za mkangazi, nilikipata kwa mzee mmoja anayeuza vitu vya kale karibu na soko la Shisanhang. Ndani kina mahameli ya kijani, na katikati ya mahameli pana tundu lenye umbo la rivolva. Rivolva yenyewe haimo. Sijawahi kuwa nayo wala siitafuti, maana huku China hata bastola ya plastiki ikifanana sana na ya kweli inaweza kukulaza ndani. Mimi ni mkusanyaji wa rivolva adimu za kale zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Uingereza, kwa kiasi ambacho sheria inaruhusu, yaani visanduku, chupa za mafuta na brashi za kusafishia.

2. Mwanahija amekuwa akiwaambia watu kwamba nakusanya hewa. Baba, wewe ni mtu wa haki, nisikilize. Baadhi ya rivolva hizo zilitengenezwa Marekani na Ubelgiji, lakini kwa kuwa mteja alikuwa Mwingereza, fundi alirudia kazi mpaka ikanyooka, kisha zikajaribiwa na kupigwa mhuri kabla ya kuuzwa. Sasa linganisha na mimi. Nikiingia soko la Shahe kununua nguo, mwenye duka ananiuliza, "Laoban, soko gani?" Nikitaja Afrika, huyo huyo aliyeniita laoban, yaani bosi, anaziacha zile za mbele na kunipeleka nyuma, kwenye suruali zinazofuliwa mara mbili, ya tatu unavaa bukta. Suruali yako ilichanika ukiwa kwenye rukuu, na waliokuwa safu ya nyuma wamenisimulia. Niliumia sana. Tangu nianze biashara hakuna kiwanda kilichowahi kuniogopa. Nilitaka niwe na kitu kimoja nyumbani, hata kama ni kisanduku chake tu, kilichotengenezwa na mtu aliyemwogopa mteja. Babu yangu alikuwa boi wa Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya wa Kiingereza, na kazi yake ilikuwa kuisafisha rivolva ya bwana. Alitusimulia kwamba katika bidhaa zote za daraja la Uingereza, ni hiyo tu iliyofika kijijini, nayo ilifika mdomo ukiwaelekea wao.

3. Polisi walipokuja kukagua vibali vya kuishi, walikikuta kisanduku mezani kikiwa wazi. Wakauliza bastola iko wapi. Nikawajibu kwa Kichina changu cha sokoni, "Meiyou," yaani haipo. Jirani yetu Geofrey, anayesomea uzamivu hapa, alinieleza baadaye kwamba jibu lilikuwa sahihi kwa lugha na baya kwa mtaa, kwa sababu hapa Xiaobei mwenye duka akisema meiyou, maana yake ipo chumba cha nyuma. Walitafuta asubuhi nzima. Walimwaga unga ambao Mwanahija aliubeba kutoka kwako, na nguo zake za ndani walizikung'uta moja moja pale dirishani penye mwanga. Waliondoka wameridhika. Mwanahija hakuridhika. Akasema, "Abass, chagua, mimi au hilo tundu." Nikaomba muda wa kufikiri, kwa nia njema kabisa, na inaonekana ni huo muda ndio uliomuudhi.

4. Alikataa pia kukitunza. Msimu huu kuta za Guangzhou zinatoka jasho, nguo hazikauki, na mahameli inaota ukungu usipoiangalia. Nilimwomba awe anaipangusa kila asubuhi. Akanijibu basi nikaioe hiyo mahameli.

5. Kwa sababu hizo naomba kisanduku kirudishwe. Kwa kontena haiwezekani, Murshid wa kago anasema yeye hupeleka tu, harudishi. Kumpa msafiri yeyote nako ni hatari: forodha watakifungua, watauliza bastola iko wapi, naye atajibu meiyou. Anatakiwa mtu anayeijua historia yake kuanzia fundi mpaka mhuri, na mtu huyo ni mmoja tu, Mwanahija, kwa kuwa nimewasimulia wageni wote akiwepo. Kwa hiyo naomba akisindikize yeye.

6. Akishafika, asigeuze. Unyevu ukiisha linakuja joto, joto likiisha zinakuja tufani, halafu baridi, halafu kuta zinaanza tena kutoka jasho, na misimu yote hiyo mahameli inataka mtu. Nimetafuta katika mwaka mzima wiki ambayo anaweza kuondoka, sikuiona. Naomba umwambie ajiandae hivyo. Nikiwa peke yangu siwezi kazi hii. Hata ugali wa mtu mmoja nimeshindwa kuusonga, unatoka na madonge, na nyumba ina ukimya ambao siupendi.

Nakuachia uamuzi, kama baba na kama mteja wangu wa siku nyingi. Nisalimie Mama, na Bibi kama bado anauliza China ni upande gani, na shemeji Fathiya, ambaye najua ndiye anayewasomea wenzake ujumbe wangu huku akicheka, na majirani wote waliokuwa safu ya nyuma. Mtuhumiwa naye nisalimie.

Mkweo mwenye malalamiko mengi na heshima zaidi,
Abass

N.B. Baba, barua ikiwa tayari nimesogeza ndoo ya unga ili nipike, na kisanduku nimekikuta nyuma yake. Amekifunga katika kanga yake, na lile tundu amelijaza vifuko vya mkaa wa mianzi ili unyevu usiile mahameli. Haina ukungu hata doa. Kwa hiyo malalamiko namba 1 na namba 4 nayafuta, na namba 5 na 6 hayana tena mashiko. Sasa sina sababu ya kumwita. Kama hapo nyumbani kuna kitu chochote kinachotakiwa kuletwa Guangzhou, hata ile suruali, tafadhali mpe yeye ailete.