Mgeni Asiyesindikizika

Ndithini,
18 Novemba 2006

Kwa Baba Mdogo Musau,
Syokimau.

Mpendwa Baba Mdogo,

Mintarafu: Malalamiko kuhusu gari lako na miguu yako

Leo nimeamua kukueleza yote, hata yale ambayo mtoto hafai kumwandikia mtu mzima. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema barua ya malalamiko iwe na heshima, ipangwe kwa nambari, na isiandikwe kwa hasira. Sina hasira. Sisi hatujambo na mbuzi wamezaa. Natumaini nyinyi pia hamjambo, pamoja na gari.

1. Nilipokuwa kwenu likizo ya Agosti, uliniambia twende tununue mkate. Duka lilionekana kutoka jikoni. Mwenye duka alikuwa amesimama mlangoni akitutazama, nasi tukimtazama. Tukaingia garini, tukafunga mikanda, tukangoja askari afungue lango, tukatafuta mahali pa kuegesha. Tuliporudi, Mama Mdogo Wacera alikuwa ameshamaliza chai yake bila mkate. Sikusema neno kwa sababu nilikuwa mgeni.

2. Jioni Mama Mdogo huvaa viatu vyeupe na kuzunguka nyumba za mtaa wenu kwa kasi, tena na tena. Siku ya kwanza nilimfuata nikidhani kuna msiba. Nikamuuliza tunaenda wapi. "Hatuendi mahali, Kamanthe. Tunatembea tu, daktari alisema." Nikafurahi, nikamwomba basi tupitie sokoni tuchukue nyanya, kwa kuwa tayari tuko njiani. Alinishangaa sana. "Soko ni mbali, mtoto! Hiyo tutaenda na gari." Nimelifikiria jambo hili tangu Agosti. Naona kwamba huko kwenu miguu ni ya daktari, na gari ni la mambo mengine yote.

3. Hayo ni ya kwenu na ningeyanyamazia. Lakini gari hilo unalileta hapa nyumbani. Zamani ulikuja kwa basi, na ukiondoka tulikusindikiza hadi barabarani. Unajua kuliko mimi kwamba mambo ya maana hayasemwi mezani. Mezani watu hula na kuulizana habari za mvua. Mambo husemwa njiani, nyumba ikishaacha kuonekana, wengine wakibaki nyuma na kujifanya wanafunga kamba za viatu. Baba amenieleza kwamba hapo ndipo ulipomwambia mama yenu, Susu, kuwa unataka kumwoa Mama Mdogo Wacera, na kwamba yeye si Mkamba. Mlipofika barabarani ndipo Susu akasema, "Mlete tumwone." Kwa heshima, nakuomba ufikirie kwamba kama ungekuwa na gari wakati huo, labda mpaka leo hungekuwa na mke.

4. Sasa unaegesha karibu na dirisha la jikoni. Ukiondoka, unatoka kwenye kiti chetu na kuingia kwenye kiti chako. Katikati hakuna nafasi hata ya sentensi moja. Kwa hiyo mambo ya hapa yamerundikana. Jambo la mpaka wetu na jirani Kitheka halijasemwa. Jambo la mchumba wa dada yangu Kavindu halijasemwa, na mchumba mwenyewe ameanza kuchoka. Mwezi wa saba Baba alijaribu kukusindikiza akiwa ndani ya gari. Ulidhani anaomba lifti, ukafungua redio, ukamshusha sokoni. Alirudi kwa miguu akiwa anajua mengi kuhusu bei ya kahawa ulimwenguni, lakini hajasema lolote.

5. Hii ni ya Susu, na ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Jicho lake la kushoto lina utando mweupe na haoni nalo. Sasa la kulia nalo limeanza. Mimi humchambulia maharagwe kisirisiri, kisha yeye huketi nayo mapajani ili watu wamwone akichambua. Hataki kusema nyumbani mbele ya wake za wanawe. Anasema mambo ya mwili wake ni ya kumwambia mwanawe, njiani.

Mwezi uliopita alikusindikiza. Ulikuwa ukirudisha gari nyuma polepole, naye akatembea kando ya mlango wako, mkono juu ya kioo. Mimi nilikuwa nyuma yake na nilimsikia vizuri. Alisema, "Musau, macho yangu yanaondoka." Kioo kilikuwa kimefungwa. Ulimpungia mkono, ukapiga honi mara mbili, ukaenda.

Vumbi lilipotulia aliniuliza, "Amesema nini?"

Nikamwambia umepiga honi.

"Ngapi?"

Mbili.

Jioni hiyo aliuliza watu honi mbili ni nini, bila kueleza kwa nini anauliza. Baba alisema moja ni salamu, mbili ni kwaheri. Kavindu alisema, "Mbili ni toka kwa barabara, Susu!" na akacheka peke yake. Njogu mwenye duka, ambaye aliwahi kuwa na pikapu, alisema kwamba kwa wenye magari mbili ni "nimesikia". Susu akachagua ya Njogu. Tangu siku hiyo sweta yake ya safari imefuliwa na kukunjwa, na kila gari likipita barabarani ananiuliza ni la rangi gani.

Kwa hayo yote, naomba uje Jumamosi na uache gari dukani kwa Njogu. Amekubali kulilinda. Uje kwa miguu, ule, kisha uondoke kwa miguu, polepole. Sisi wengine tutabaki nyuma. Baba na Kavindu wana mambo mengi, lakini wamekubali kungoja zamu yao. Susu akijikwaa usimwulize ana nini. Mwache aseme mwenyewe.

Nisalimie Mama Mdogo Wacera, askari wa lango, na yule mwenye duka aliye mbali.

Mimi mtoto wenu mwenye adabu na malalamiko,
Kamanthe Mutiso,
Kidato cha Pili.

Tanbihi: Susu amenikuta nikimaliza na ametaka nimsomee. Nilipofika ya nne nikarukia salamu, lakini akaniuliza, "Wewe, mbona imeisha kama haijaisha?" Basi nikamsomea yote. Sasa anasema nikuandikie kwamba yale ya juu ni maneno ya watoto. Usiache gari kwa Njogu. Lilete mpaka mlangoni, karibu kabisa, kwa sababu hospitali iko Machakos mjini na hakuna mtu anayekwenda huko kwa miguu. Atakaa kiti cha mbele. Ujifanye hukupata barua hii, kwa kuwa anataka kukueleza yeye mwenyewe njiani. Ila kuna jambo moja hajui, na anaomba ulijibu kwa posta ya kwanza ili ajitayarishe: kwa miguu mtu huanza kusema nyumba ikishaacha kuonekana, lakini garini, ambako nyumba hupotea kabla mtu hajakaa vizuri, huanza kusema mkifika wapi?