Draiva ya Kiraka Yatafutiwa Makao

Jumapili kilitoka kiini kipya cha Linux, ule mfumo unaoendesha kompyuta. Jumatatu asubuhi Kiraka akaingia kwa Dona Zuleide, kwenye duka lake la mikate tunapoegemea kaunta kabla ya kazi, uso kama wa mtu aliyefiwa na mkwe tajiri akakuta hakutajwa kwenye urithi.

"Imekufa tena?" aliuliza Mkasi, mwenzetu wa kaunta.

"Imekufa. Vipimo vya maziwa jimbo zima la Minas vimenyamaza. Bosi ananipigia tangu alfajiri."

Iliyokufa ni draiva yake, ile programu ndogo inayoifundisha kompyuta kuongea na kipimo. Kampuni yao imeificha nje ya kiini miaka yote kama mke mdogo. Kiini kikibadilika, draiva inavunjika, yeye anaiunga. Ndiyo maana Dirceu huyu tukambatiza Kiraka. Kanivali iliyopita aliunga akiwa bado na mabawa ya malaika mgongoni.

Mjerumani, ambaye Ujerumani wake wote uko kwenye nywele za manjano, alimeza coxinha yake, andazi la kuku, akasema dawa ni moja: draiva iingizwe ndani ya kiini. Ikishaingia, anayebadilisha kiini ndiye anayeirekebisha.

Kumbe Kiraka alishaanza, kimyakimya. Kwanza wenye kiini walimrudishia barua bila kuisoma, maana ilikuwa na rangi, nao hupokea maandishi matupu tu, na chini onyo la mwanasheria kwamba yaliyomo ni siri. Siri, kwenye barua inayosomwa na dunia nzima. Akasafisha, wakamwambia faili lake ni refu kama mto Tietê, alikate vipande. Akakata, wakataka ang'oe tabaka zima la katikati, aliloliandika bosi kwa mkono wake.

"Ukaling'oa?"

"Nikaling'oa. Draiva ikaanza kukimbia kuliko mwanzo."

Kahawa ikampalia Mkasi. "Na bosi?"

"Nimemwambia wamelisifu."

Simu ya Kiraka ikatetema juu ya kaunta. Mkasi akaiwahi, akasoma, kicheko kikamkauka. Msimamizi wa kiini ameikubali kazi. Limebaki jambo moja: jina la mtunzaji, atakayejibu malalamiko ya draiva hii kutoka popote, na mshahara hakuna.

Kiraka aliketi. "Mimi nilitaka kupumzika, jamani."

"Kaka," alisema Mjerumani, "umempeleka mtoto kituo cha yatima, wamekupa ukuu wa kituo."

"Nikikataa?"

"Haiingii," alisema Mkasi. "Utaendelea kuiunga gizani, peke yako."

"Nikikubali?"

"Utaiunga hadharani."

Akafikiri kwa muda wa kikombe kizima. Kisha akaandika jina lake, akatuma, akafumba macho kama anayechomwa sindano.

Simu ikatetema kabla hajayafumbua. Mfugaji wa Denmark, aliyekuwa akifuatilia mjadala, alimpongeza kwa adabu, akauliza mbona kipimo hakikubali maziwa ya mbuzi.