Kamati ya Mwanga wa Ziada

Jumuiya yetu ya Guildford na vitongoji vyake, huku ughaibuni, ina furaha kuutangazia umma kwamba suala la taa za ziada kwenye magari ya kupanda milima limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Serikali imehangaika nalo miaka yote, na sheria zake na polisi wake. Sisi tulilimaliza kwa kikao kimoja na sinia la sambusa.

Mimi ni Katibu wa Kamati ya Kuratibu, Kudhibiti na Kusimamia Mwanga wa Ziada. Nasema bila kujivuna, ingawa sababu ninayo.

Chanzo ni Armel, kijana mpole anayefanya kazi ghalani Villawood. Alinunua Prado kuukuu akaifunga taa mbili kubwa mbele, maana hupenda kwenda kuvua samaki mbali huko, kwenye njia za vumbi ambako kangaruu hujirusha barabarani bila adabu. Taa zake ziliwaka pamoja na fulu tu, ule mwanga mkali wa mbali. Akishusha fulu, nazo zinazima. Ndivyo sheria inavyotaka. Kasoro ilikuwa moja: zilipendeza kuliko za Mwenyekiti.

Mwenyekiti wetu ni Papa Mirindi, apendaye kuitwa Prezida. Ana Landkruza ambayo haijawahi kukanyaga tope. Mlima mrefu kuliko yote iliyoupanda ni tuta la kuingilia maegesho ya supamaketi. Alipoiona Prado ya Armel nje ya kanisa, akaitisha kikao.

"Sheria ya hapa ni nzuri," alituambia, "lakini ina upungufu. Haitambui cheo."

Tulipiga makofi. Kweli, haitambui.

Kamati ikaazimia: mwanachama wa kawaida, taa za kiwandani tu. Mjumbe, taa moja ya ziada. Mwenyekiti, kadiri Mungu atakavyomjalia. Armel akaelekezwa kufungua taa zake na kuzikabidhi kwa Kamati kwa ajili ya uhifadhi. Zilihifadhiwa juu ya paa la Landkruza, pembeni ya zile nyingine.

"Mbona zinawaka?" Armel aliniuliza.

"Taa isiyowaka huharibika," nilimjibu. Ni suala la kitaalamu.

Alitii, na yangeisha hapo, ila dada yake Elvire, anayehudumia wagonjwa kule Westmead, akachumbiwa. Sasa, kwetu sisi msafara ndio harusi. Kanisani watu huchelewa. Msafarani hachelewi mtu. Gari la mbele hubeba maharusi na kuwasha taa mchana kweupe, na huko nyuma kila mtu amekalia honi mpaka majirani wanatoka na simu zao kupiga picha. Baba yao walimzika kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, wangali wadogo. Tangu hapo Armel alimwahidi dada yake kwamba siku yake ikifika, atamwendesha yeye mwenyewe. Prado aliiosha mpaka rangi ikaanza kulalamika.

Prezida akasema gari lisilo na taa za kutosha haliwezi kuongoza msafara. Maharusi watapanda Landkruza.

"Papa Mirindi," Elvire alisema, "taa si mmezichukua nyinyi?"

"Ndiyo maana tuna uhakika hazipo."

Uchaguzi wa jumuiya ulikuwa wiki iliyofuata. Nalitaja hili ili nikanushe uhusiano wowote. Pia ufunguo wa ukumbi anao Prezida, kwa hiyo majadiliano yalikuwa mafupi. Armel akapangiwa mkia wa msafara, abebe masufuria ya wali na mbuzi. Mama yao, Mama Thacienne, alikuwapo kikaoni. Alinitazama tu, kama mtu anayekagua alichokikanyaga.

Jumamosi tukatoka kanisani, tukaingia Woodville Road. Saa saba mchana, jua la Januari, taa zote za Landkruza zinawaka. Madereva waliotoka mbele yetu walifunika macho kwa heshima. Mara gari la polisi likatokea nyuma, taa zake zikizunguka.

"Mnaona?" Prezida alituambia. "Wametuma wa kutusindikiza." Akapunga mkono, akaendelea na mwendo wa kifahari mpaka king'ora kikamzidi sauti.

Askari alikuwa mwanamke, amejipaka krimu ya kukinga jua puani.

"Hizi za ziada zinawaka hata bila fulu?"

"Wakati wote," Prezida alisema kwa fahari.

"Na huko juu ya paa, nani aliruhusu?"

"Kamati."

"Kamati gani?"

"Mimi."

Askari akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Akidi ilikuwa imetimia.

Akabandika kibandiko kiooni: gari ni bovu, lisitembee, livutwe. Inaelekea hakupewa semina kuhusu muundo wetu wa uongozi.

Elvire akafungua mlango, akakusanya gauni, akaanza kutembea kando ya barabara kuelekea mkiani, bwana harusi nyuma yake amebeba pindo. Kila gari alilolipita lilipiga vigelegele. Armel alikuwa keshashuka, anafuta kiti kwa mkono wa shati.

"Umechelewa," akamwambia.

"Nilipanda gari bovu."

Prado ikatoka mkiani ikaja mbele, haina taa hata moja ya ziada, ikasimama tulipo. Mama Thacienne akatoa mkono dirishani.

"Ufunguo wa ukumbi, Papa Mirindi."

Akaupata.

"Nyuma kabisa kuna nafasi," akaongeza, "ila mfuniko wa sufuria mmoja hautulii. Unataka mtu mzima."

"Mama, Mwenyekiti hawezi..." nilianza. Mwenyekiti alikuwa ameshapanda. Askari alisimamia mwenyewe hadi akafungwa mkanda, yeye na sufuria. Mimi nilipewa mchuzi.

Masufuria hupitia jikoni, kwa hiyo uongozi ulipitia jikoni. Prezida akatangulia kuingia ukumbini, suti yake ya rangi ya krimu imepata mafuta, sufuria kifuani. Kwa kuwa wapo wanaopotosha, nathibitisha kwa cheo changu: ukumbi mzima ulisimama kumpokea, na vigelegele vikapigwa. Akajaribu kupunga mkono.

"Tua hapo, Papa," Mama Thacienne alimwambia. "Kisha rudi, bado kuna mbuzi garini."

Akarudi.